Bunduki Inayokohoa Asubuhi

6 Februari

Mwanangu,

Hapa nyumbani wote wazima, kwa hiyo usirukie mwisho wa barua kutafuta msiba kama ulivyozoea. Bibi yako goti linamsumbua, mdomo haujambo. Juzi kawafukuza mafundi wa paa kwa kosa la kukalia kiti chake, na paa limebaki nusu. Anasema mvua ikija atahamia kwenye nusu yenye adabu.

Lililonifanya nishike kalamu ni bunduki. Unajua marehemu mume wangu alipoondoka, kamati ya wakulima ilinipa mimi kazi yake ya kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, na unajua si wote walioinua mkono. Wamenipa mpaka mavuno. Baada ya hapo watakaa tena: ama kazi inakuwa yangu moja kwa moja, ama wanampa Sajini, yule mgambo mstaafu anayetembea kana kwamba nyuma yake kuna gwaride. Bunduki ya marehemu ilikuwa imechoka, kamati ikaagiza mpya. Ilifika mwezi uliopita, inang'aa, ina harufu ya duka.

Lakini asubuhi, kukiwa na baridi, inakohoa kabla ya kusema. Navuta, inakohoa, inakaa, halafu ndipo inasema. Si kila siku. Jua likishapanda inakuwa na heshima zake. Nguruwe naye hamsubiri mtu amalize kukohoa. Wanne wameshaniponyoka, na Sajini kapata wimbo: eti bunduki mpya haina kosa, kosa liko begani.

Nimeipeleka kituo cha polisi, wakaifunga kwenye sanduku wakamtumia muuzaji, kama kanuni inavyotaka. Kwa sasa natumia ile kuukuu, ambayo hutoa risasi kwa kubembelezwa. Duka liko huko kwenu. Nenda, na uniandikie malalamiko ya kueleweka, wewe ndiye mwenye Kiswahili cha shule. Karatasi tupu niliyotia sahihi iko humu ndani. Andika juu yake.

Debe anakusalimu. Bado ni yeye anayepita kichakani akipiga debe ili nguruwe watokee upande wangu, na bado ndiye mwanamume pekee hapa anayepokea amri yangu bila kwanza kutazama angani.

Shangazi yako

19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Bibi mpe shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemchanganya na watu. Mimi sijambo. Kazini tumehamishiwa chumba cha nyuma, karibu na mashine za kuchapa, na meza yangu inatetemeka tangu saa mbili hadi saa kumi. Nasahihisha kitabu cha jiografia cha darasa la sita. Mwandishi wake hapendi nukta, anaandika kama mtu anayekimbia mvua.

Malalamiko niliyaandika Jumamosi, nikayarudia mara tatu, kisha nikayanakili juu ya sahihi yako. Jumatatu nikapeleka. Duka lina nondo dirishani na kengele unayobonyeza ukasubiri kutazamwa. Ndani kuna kaunta ya kioo, friji ndogo ya soda na kalenda ya mwaka juzi. Muuzaji akanitazama viatu kwanza.

"Ni ya mzee wako?"

"Ni ya shangazi yangu."

"Shangazi! Anaua nguruwe au anawatisha?"

Nikikasirika hukaa kimya, halafu naandika. Nilimsukumia barua. Aliisoma, akasema imeandikwa vizuri kuliko za mawakili, na kwamba fundi wao ataijaribu.

Shangazi, chumba changu kina madirisha mawili sasa. Nasema tu.

Mwanao

7 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika kabla sijapata jibu lako kwa sababu duka limejibu. Fundi amefyatua risasi kumi, na zote kumi zimetoka bila shida. Muuzaji anasema bunduki haina tatizo na anaweza kuirudisha kama ilivyo. Alilisema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko dharau.

Nisamehe kwa swali hili: macho yako yakoje siku hizi? Miaka hamsini na minne si uzee, lakini alfajiri mwanga ni hafifu. Hakuna atakayekucheka ukisema umechoka. Madirisha yote mawili yanatazama barabara, lakini barabara yenyewe ni tulivu.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mahindi yamenifika kifuani.

Macho yangu yanaona mpaka huko ulikokaa. Nitumie nakala ya ulichoandika.

Shangazi

2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakala ni hii, neno kwa neno:

"Silaha iliyotajwa hapo juu, iliyonunuliwa ikiwa mpya, imebainika kushindwa kufyatua risasi katika nyakati zisizotabirika, hali inayoathiri utekelezaji wa majukumu ya mtumiaji. Tunaomba ifanyiwe uchunguzi na kurekebishwa kwa mujibu wa dhamana."

Sioni kosa lolote ndani yake. Nimelitafuta kwa kalamu nyekundu mkononi.

Mwanao

13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Bibi kawaruhusu mafundi kurudi, kwa sharti la kusimama. Paa limeisha.

Barua yako nimeisoma. Ni nzuri sana, lakini hiyo siyo bunduki yangu. Nilimsomea Debe, akasema, "Mama, barua hii imevaa tai."

Mimi sikusema inashindwa. Nilisema inachelewa. Inayoshindwa ni bubu: unajua ni bubu, unaiweka chini, yameisha. Hii inakufanya uamini imenyamaza, na ukishaamini, inasema. Ni vitu viwili, mwanangu, kama mtu asiyekuja kabisa na mtu anayekuja umeshafunga mlango.

Tena nilikuandikia asubuhi. Nilikuandikia baridi. Viko wapi? Huyo fundi wao kazipiga hizo kumi saa ngapi? Nina hakika alishakunywa chai na jua liko utosini. Kwa saa hizo hata mimi ningepiga kumi.

Sajini anazidi kupata wafuasi. Juzi kanyanyua mwiko jikoni kwa mwenyekiti, akauweka begani, akakohoa, akaanguka chali. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Na mimi nilicheka, ningefanyaje?

Rudi dukani na barua yangu ya kwanza. Hiyohiyo, na makosa yake.

Shangazi

26 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeyatafuta maneno yako mawili, na ni kweli niliyafuta mimi. "Asubuhi" na "kukiwa na baridi." Niliyaona kama mapambo. Na "kukohoa" nililibadilisha kwa sababu bunduki haina kifua. Ndivyo nilivyofundishwa: ukiona neno linalochekesha kwenye barua rasmi, litoe. Hapa kazini wakubwa hunisifu kwa hilo.

Nilirudi Ijumaa. Muuzaji alipofika penye "inakohoa" alicheka, akauliza kama tumeipeleka kwa daktari wa kifua. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na fundi alikuwa amesikia. Ni mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi wa viatu. Akaomba barua. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Kule kwenu asubuhi kuna umande?"

"Mpaka saa mbili nyasi zinalowesha viatu."

Aliitoa bunduki kabatini, akachomoa komeo, ile sehemu ya chuma unayoivuta nyuma na kuisukuma mbele. Akafungua friji, akasogeza chupa, akalilaza komeo katikati ya soda. Tukakaa kama saa mbili hivi. Muuzaji alipokwenda kuchukua kinywaji alikuta chuma, akauliza, "Fundi, hii nayo ina gesi?" Fundi akamwambia afunge mlango, baridi inatoka.

Kisha tukaenda uani, kwenye pipa lililojaa mchanga. Alirudisha komeo likiwa bado na ubaridi, akaweka risasi, akalenga mchanga, akavuta.

Nilisikia mlio mdogo mkavu. Kisha kimya. Kimya cha kutosha mimi kufikiri kwamba imekwisha, kwamba nirudi kazini. Halafu ikasema.

Fundi hakuwa amesogea hata kidogo. Baadaye alinieleza: ndani ya komeo kuna grisi nzito ya kiwandani, na springi yake ni dhaifu. Kukiwa na joto vinasaidiana. Kwenye baridi grisi inaganda, na pini inagonga risasi kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu, kwa hiyo baruti inachelewa kuwaka. Akasema alipaswa kulijua hili tangu mwanzo, lakini karatasi ya kwanza ilimwambia atafute kitu kingine. Hakujua ni nani aliyeandika ile karatasi. Sikumwambia.

Kisha akaniuliza swali. Akasema bunduki ikikohoa hivyo unabaki umeielekeza palepale, unahesabu thelathini, ndipo unaigusa. "Shangazi yako ilipomchelewea mara ya kwanza," akauliza, "ilikuwa imeelekea wapi?"

Ilikuwa imeelekea wapi, Shangazi?

Anaulizia kwa sababu. Anaweza kusafisha grisi leo na bunduki ikapona nusu. Kubadilisha komeo lote ni kazi ya kiwanda, na kiwanda hakikubali ila kwa maelezo ya maandishi ya hatari iliyotokea, yenye sahihi ya mtumiaji na shahidi. Nakala inakwenda kwa mwenye kibali, yaani kamati.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako kaanza kulalamika kwamba paa jipya lina kelele. Mahindi yanatoa nywele, ya huyu jirani wa juu yamenenepa kuliko yetu. Debe kapata mjukuu wa kike.

Fundi mpe salamu, ni mtu wa maana.

Umeuliza ilielekea wapi. Ilielekea mbele. Mwambie asafishe tu, inatosha, aturudishie. Mavuno yamekaribia.

Shangazi

19 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mpe Debe hongera.

Kazi yangu ni kusoma watu kutwa nzima. Mwandishi akifika penye jambo analolikwepa, sentensi zake huwa fupi ghafla. Sentensi yako ina maneno mawili. Mbele kulikuwa na nini?

Sina haki ya kukubana bila kutoa langu, kwa hiyo nalitoa. Nilikuambia nilifuta yale maneno kwa sababu ya shule. Wiki tatu sasa nalitazama hilo jibu na halinitoshi. Nilipokuwa na karatasi yako mbele yangu, yenye sahihi yako chini na utupu juu, kuna kitu ndani yangu kilitaka ushindwe. Si kwa aibu. Nilitaka kamati ikushukuru, ikupe mkono, na wewe ufunge nguo zako uje. Marehemu mjomba, mumeo, alitoka asubuhi na bunduki akarudi na homa, na hakuamka. Najua nguruwe hawahusiki na homa. Lakini tangu hapo kila bahasha yako naifungua kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto.

Sijui kama siku ile kalamu ilikuwa inafanya kazi yake au kazi yangu. Nimejaribu kujua. Sijui.

Mwanao

29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Leo salamu ni hiyo tu.

Ilikuwa siku ya tatu ya kuitumia. Debe alikuwa kichakani, nguruwe wawili wakatoka, nikavuta. Ikakohoa. Marehemu alinifundisha kama Fundi alivyokufundisha wewe: thelathini, hata kama nyumba inaungua. Nilihesabu mpaka nne. Nguruwe walishapita, nikaona nitachekwa. Debe akatokea kichakani upande wa kulia, akauliza, "Vipi tena, mama?" Nikageuka kumjibu, na bunduki ikageuka pamoja nami. Ikasema.

Risasi ilipita kwenye debe. Sisemi karibu na debe. Alikuwa amelibana kwapani. Lina tundu la kuingilia na tundu la kutokea, na kati ya tundu la kutokea na mbavu zake hapakuwa na nafasi ya kupitisha kidole; shati lilichanika.

Alikaa chini. Mimi pia nilikaa. Baada ya muda akasema, "Debe lenyewe lilikuwa linakaribia kustaafu." Hakumwambia mkewe. Mimi sikuwaambia kamati, wala wewe. Tulinunua debe jingine.

Kukohoa ni kosa la bunduki. Nne badala ya thelathini ni kosa langu, na Sajini akilipata hilo hahitaji tena mwiko. Ndiyo maana nilikuambia asafishe tu. Lakini nimekaa na neno lako, kwamba itapona nusu. Ikipona nusu, ile nusu nyingine itamwelekea nani? Si mwenyekiti. Nikiipokea hivyo nitakuwa nimeinunua kazi yangu kwa mbavu za Debe.

Maelezo ni haya hapa. Nimeandika mwenyewe, yote, mpaka ile nne. Debe ametia sahihi. Aliyasoma taratibu, akauliza kama kweli nataka kuyapeleka, nikasema ndiyo, akasema basi tuongeze na shati. Shati limo. Usiguse hata nukta.

Kuhusu kutaka nishindwe: nimelisoma mara mbili. Nimelielewa. Kakangu alikuacha mikononi mwangu una meno manne, na tangu siku hiyo hujawahi kutaka kitu kwa nusu. Sijakasirika. Lakini sihami.

Shangazi

24 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sikugusa. Kuna neno moja ulilokosea tahajia, na nililipita nimekalia mikono yangu.

Fundi alisoma maelezo yako akavua miwani, akasema katika miaka thelathini watu wamemletea bunduki nyingi, lakini hakuna aliyewahi kumletea pamoja na namba aliyoishia kuhesabu. Muuzaji hakuomba radhi. Alinipa soda.

Kiwanda kimeleta komeo jipya. Fundi alililaza kwenye friji mara tatu, siku tatu mbalimbali, na kila mara lilisema papo hapo. Nilikuwepo mara zote tatu. Kazini niliomba ruhusa ya daktari wa meno. Bunduki iko njiani kupitia polisi. Nakala ya maelezo imekwenda kwa kamati siku hiyohiyo, kama walivyosema.

Nimesoma barua yako ya mwisho mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Debe namfahamu tangu nikiwa natambaa. Kila ninapoisoma namwona akikaa chini.

Niandikie mara tu watakapoamua.

Mwanao

21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Bibi mzima, mavuno mazuri, ghala limejaa mpaka mlango unafungwa kwa goti.

Kamati ilikaa juzi, ghalani hukohuko, watu juu ya magunia. Mwenyekiti aliyasoma maelezo yangu kwa sauti, neno kwa neno. Sijui kama unajua ni nini kusikia maneno yako kwa sauti ya mtu mwingine mbele ya majirani. Alipofika kwenye nne, hata watoto waliokuwa mlangoni waliacha kusukumana.

Sajini akasimama. "Nilisema mimi. Nilisema kosa liko begani."

"Halikuwa begani," nikamwambia. "Moja lilikuwa kwenye komeo na limebadilishwa. Jingine lilikuwa mdomoni mwangu, na ndilo hilo mmesomewa."

Mwenyekiti akasema wa kuulizwa ni yule aliyekuwa mbele. Debe akainuka, kofia mkononi.

"Mkimpa Sajini," akasema, "siku akihesabu mpaka tatu mimi nitajuaje? Huyu alifika nne, na ameandika. Mpeni huyu."

Wakaanza kunong'ona. Akanyanyua mkono, hakuwa amemaliza.

"Lakini mimi mbele yake sipiti tena."

Watu walicheka, wamemzoea kwa utani. Yeye hakucheka. Akavaa kofia, akakaa.

Walipiga kura. Saba kwangu, wanne kwa Sajini. Kazi ni yangu.

Nilimfuata Debe nje. Nikamwambia komeo ni jipya, limelazwa kwenye friji mara tatu. Akasema anajua, anaamini, na siku hiyo yote amekuwa akiiambia miguu yake hivyohivyo, haisikii. Tulisalimiana kwa mkono, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Atachunga mbuzi wa mkwe wake.

Sasa msimu mpya unaanza Oktoba na sina mtu wa kupita kichakani. Nimewauliza watatu. Wote watatu wameumwa migongo wiki moja. Siwalaumu, wamesomewa. Bila mtu wa kuwatoa nguruwe bunduki ni fimbo tu, na kamati haitanilipia fimbo. Nitapata mtu. Usihesabu hili kama jambo.

Shangazi

3 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kitabu cha jiografia kimekwenda mtamboni. Wamenipa historia.

Nimeomba likizo yangu yote, wiki nne, kuanzia tarehe mosi Oktoba. Nitapita mimi. Mtanionyesha njia za kichakani, na nikitaka kutokea nitaita kwanza. Katika wiki nne watu wataona kama natembea au nimeanguka, na baada ya hapo naamini migongo itapona.

Ninaogopa. Nimeliandika kwa sababu ungelikuta mwenyewe kati ya mistari.

Najua utaandika kunikataza. Posta huchukua siku kumi, kumi na moja. Tiketi nimeshakata.

Mwanao